Chuo Nisichowahi Kuingia

Shiru wangu,

Umeenda Ruiru kusukwa, na ninaijua foleni ya yule dada wa nywele, kwa hivyo nina kama masaa matatu. Sanduku lako liko wazi kitandani. Aproni nyeupe iko juu, viatu vyeusi vya jikoni viko pembeni, na ile karatasi ya hospitali ya watu wanaoshika chakula nimeiweka kwenye bahasha ili isikunjike. Sikuandikii kukukumbusha kula au kufunga mlango. Hayo unayajua, na mengine ni wewe uliyenifundisha.

Majirani wa ploti wananicheka. "Mama Shiru, machozi yote haya ya chuo cha Kahawa Sukari? Kutoka Witeithie hadi huko si ni kama kutoka sebuleni kwenda jikoni?" Ninacheka nao. Lakini machozi yalianza Jumapili, na si kwa sababu ya umbali.

Ninaogopa kesho asubuhi. Muiruri wangu ameomba ruhusa kazini, ameshapiga pasi shati la bluu, na anasema atasimama na wewe kwenye foleni ya kusajiliwa chuoni mpaka mwisho. "Nataka nione jina la mtoto wetu kwa orodha ya digrii na haya macho yangu." Mimi na wewe tunajua kwamba jina lako haliko kwenye orodha hiyo. Liko kwenye orodha ya diploma. Yeye hajui. Na kuna jambo lingine ambalo hata wewe hulijui, ninalijua mimi peke yangu. Nikilisema huenda nikawapoteza nyote wawili. Nisipolisema, nitakutuma huko kesho ukiwa umebeba mzigo ambao si wako. Kwa hivyo naandika sasa, kabla Muiruri hajarudi, kwa sababu uso kwa uso huwa nakosa maneno.

Niruhusu kwanza nikueleze kinachonitisha kukipoteza.

Mwanamke wa miaka arobaini hafai kuwa hivi, najua. Wiki tatu tangu harusi na bado nikisikia pikipiki ya Muiruri ikikata kona pale kwa duka la gesi, moyo unaruka kama wa msichana wa kidato cha pili. Ananichemshia maji ya kuoga kabla sijaamka. Ananiandikia vijibarua nyuma ya risiti za mabomba: "Mke wangu, chai iko kwa thermos, nimeweka tangawizi." Ninavyo vyote ndani ya Biblia. Hata kuimba kwake, na wewe unajua anavyoimba, kwangu ni kuzuri. Miaka yote hiyo nilidhani mambo haya ni ya watu wengine. Kisha akaja mtu kurekebisha sinki.

Hiyo ya sinki umeisikia, lakini hukuisikia yote. Alikuja shuleni kwetu, jikoni ninapopika, maji yalikuwa yamejaa sakafuni. Alikuwa chini ya sinki, miguu tu ndiyo ilionekana.

"Nani amepanga hizi sufuria?" akauliza kutoka huko chini.

"Ni mimi. Kwani zimekukosea?"

"Zimepangwa kisomi."

Nikacheka. Halafu nikasema, "Nilisomea mambo ya hoteli chuo kikuu. Sikumaliza tu."

Akatoka chini ya sinki, maji yakimtiririka kwenye nywele, akaniangalia kama anayemwangalia daktari. Mapenzi yetu yalianzia hapo, Shiru. Na siku ya ruracio, ya kuleta mahari, wazee wa pande zote mbili wakiwa wamekaa, mjomba wake alisimama akasema, "Hatukuja kwa mtu yeyote tu. Tumekuja kwa msomi." Akina mama wakapiga ngemi, vigelegele vya kwetu. Mjomba wangu naye, kwa kuwa ndivyo anavyofanya anayesema kwa niaba ya msichana, akaongeza chumvi: eti chuo kikuu chenyewe mpaka leo kinaniuliza nitarudi lini. Watu wakacheka. Nilikuwa nimefunikwa leso pamoja na wasichana wengine, kama ilivyo desturi, nikingoja Muiruri anitambue kati yetu, na chini ya leso nilikuwa natoka jasho.

Sikuwahi kusoma chuo kikuu. Si kwamba sikumaliza. Sikuwahi kuingia. Hata siku moja.

Nilipata C tupu kidato cha nne, kama yako. Kozi ya hoteli na utalii ilitaka C+, na nilikosa pointi moja, kama wewe. Nilisoma matokeo kwenye ubao wa shule, nikarudi nyumbani Gatongora kwa miguu. Guka yako, baba yangu, alikuwa ametoka shamba la kahawa, anaosha mikono kwa debe. Akaniuliza, "Umeitwa chuo kikuu?"

Nikasema, "Nimeitwa."

Neno moja. Nilidhani nitalirekebisha tukishakula. Lakini kabla ya chakula kuiva alikuwa ameshapita nyumba zote za wafanyakazi wa shamba, na watu walikuwa wanakuja kunishika mkono. Mzee mmoja alinipa kalamu. Utarekebisha vipi mbele ya mzee aliyekupa kalamu?

Basi nikasema hosteli zimejaa, nitakuwa natoka nyumbani. Kila asubuhi nilibeba daftari nikaenda Thika, kwenye hoteli ndogo nyuma ya soko, ya mama mmoja mnene aliyeitwa Mama Nyambura. Siku ya kwanza alinipima kwa macho.

"Wewe na hiyo Kiswahili yako ya gazeti. Unaweza kubeba sahani nne kwa mkono mmoja?"

"Nitajifunza."

"Utajifunza na sahani zangu?"

Nilivunja mbili. Akaniita Profesa kuanzia siku hiyo, kwa sababu ya daftari, bila kujua anavyonichoma. "Profesa, meza ya pale inataka ndengu!" "Profesa, huyu mzee amesema chai ni ya baridi, nenda umfundishe!" Karibu mwaka mzima. Na nitakuambia ukweli, niliipenda ile kazi. Nilipenda mtu akiingia na uso uliofungwa, akatoka ameufungua. Jioni nilikuwa nafuta mafuta mikononi, napanda gari la Ruiru, na nyumbani naulizwa leo nimefundishwa nini. Nilikuwa namweleza baba mambo ya Mama Nyambura kana kwamba ni mwalimu. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. "Huyo mwalimu wenu ni mkali. Ni vizuri."

Siku moja aliamua kunitembelea. Alivaa koti lake la harusi, akabeba nduma kwenye gunia dogo, akaenda mpaka geti la chuo. Mimi wakati huo nilikuwa Thika naosha sufuria. Nilipofika nyumbani jioni nilikuta gunia mlangoni likiwa bado limefungwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, hajavua koti.

"Nilikuja kwenu," akasema. "Askari aliangalia jina mara tatu. Mara ya tatu mimi mwenyewe nilimwambia aache."

Nikasimama. Nikalishika lile gunia.

Cucu wako, mama yangu, akaita kutoka jikoni, "Kwa nini nduma zimerudi?"

Na baba yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya hata kwa mambo ya mbuzi, akamjibu, "Nilichelewa. Walikuwa wameingia darasani." Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Chemsha hizo, kesho zitaharibika."

Hakulitaja tena. Miezi michache baadaye nilikuwa na wewe tumboni. Baba yako alikuwa dereva wa gari la mkate, alikuwa anatuletea mkate hotelini, na hayo mengine unayajua. Watu wakasema, masikini, mimba imemkatiza masomo. Niliwaacha waseme. Nilihisi nafuu, Shiru, hebu fikiria. Nilikuwa sijui nitauacha vipi uongo wangu, na wewe ukanipatia njia ya kutokea kabla hata hujazaliwa.

Guka alipofariki ulikuwa na miaka saba. Unakumbuka ulishika mkono wangu pale kaburini. Yule aliyesoma historia ya maisha yake alisoma kwamba marehemu alikuwa kibarua, lakini alisomesha binti yake hadi chuo kikuu. Wote wakanigeukia wakiitikia kwa vichwa. Mzee alizikwa na siri yangu, na mimi nikainamisha macho kama mtu mnyenyekevu.

Ninayaandika haya haraka, samahani kwa mwandiko. Lakini ninachokiogopa zaidi bado sijakifikia.

Ulikuwa darasa la sita. Shangazi yako alikuwa hapa akinywa chai, akasema kwa utani, "Huyu Shiru ndiye alikula digrii ya mamake." Tulicheka, mazungumzo yakaendelea. Jioni ulikuja nikiwa nakanda unga, ukasimama nyuma yangu.

"Mum, ni mimi nilifanya uwache shule?"

Nikakujibu, "Ulikuja tu wakati huo, mami. Si makosa yako."

Sikia jibu hilo. Linasikika kama la mama mwema. Kumbe nilikuwa nimekuambia ndiyo.

Ukasema, "Basi nitaichukua nikurudishie."

Tangu siku hiyo nimekuona ukiamka kusoma, ukichagua kozi hiyohiyo niliyodai niliiacha, ukikataa kila kingine. Mwalimu wako alipokwambia ualimu ungekufaa ulimjibu, "Hii ya hoteli ni ya mum." Na siku ya matokeo ulijifungia bafuni, na ulipotoka ulinikumbatia ukasema umeniangusha.

Hukuniangusha. Hapakuwa na kitu cha kuangusha. Hukula digrii ya mtu, hukumkatiza mtu masomo. Nilikuwa naosha vyombo Thika na nilikuwa muongo kabla hujakuwepo. Wewe ndiye kitu cha kwanza cha kweli kilichonipata baada ya ule uongo. Najua unaweza kunichukia kwa haya. Nimejaribu kufikiria uso wako ukisoma hapa na siwezi, ninasimama nazunguka chumba.

Sasa, ya Jumapili. Mzee wa kanisa aliwaita mbele ninyi mnaoenda vyuoni. Alikuuliza unaenda kusoma nini, ukasema usimamizi wa hoteli na utalii. Hukusema digrii. Ni yeye aliyepaza sauti, "Digrii! Watu wa Mungu, digrii!" Na kabla ya mtu yeyote ulinitafuta kwa macho pale nilipokaa. Ulikuwa unaniuliza. Muda ulikuwepo wa kutikisa kichwa kukataa. Mimi nikapiga makofi.

Ninayasikia makofi hayo mpaka sasa. Tulipofika nyumbani Muiruri akaleta keki yenye kofia ya mahafali ya sukari, akaniinua kutoka chini kama msichana, akasema, "Ulichoacha wewe, yeye anaenda kumaliza!" Ulinivuta kando jikoni.

"Mum, si tumwambie tu ni diploma?"

"Acha kwanza ufike, tutamwambia pole pole."

"Na akija kwa foleni?"

"Hatakuja, ana kazi."

Hukubishana. Ulichukua sahani ukaenda kukata keki, na nilikuona ulivyosimama, mabega yameshuka, ukitabasamu. Nilisimama vivyo hivyo Gatongora mbele ya mzee mwenye kalamu. Uongo huu kwangu ulianza na neno moja. Wewe hukusema hata neno, ni mimi niliyekusemea kwa mikono.

Nikuambie kitu kilichoniumiza kuliko vyote. Wiki jana ulipoenda kuchukua picha za pasipoti, nilisoma ile fomu yako ya masharti ya kozi. Yote, polepole, na miwani. Mstari wa kwanza unasema, kwa digrii, wastani wa C+, na alama za Kiingereza na hesabu. Mstari wa pili unasema: au awe na diploma ya fani hiyo, aliyofaulu vizuri, kutoka chuo kinachotambulika. Anayepita hapo anaweza kuingia digrii mwaka wa pili. Nilikaa chini. Nilimpigia mwalimu wako, nikamuuliza kama hili ni jambo jipya la siku hizi. Akasema hapana, diploma imekuwa njia miaka yote.

Kumbe hata mimi nilikuwa na mlango. Niliposoma karatasi ya masharti tuliyopewa shuleni nilifika C+ nikaikunja kwa aibu. Kama ningemwambia baba, "Sikuitwa," tungekaa chini tusome mpaka chini, yeye na mimi, hata kama ni mimi ningemsomea. Badala yake nilisoma mstari mmoja na nikaishi maisha yangu yote juu yake.

Wewe umeingia kwa mlango halali. Utakaa darasani, utajifunza hicho Kifaransa chao, utafanya ile miezi ya mafunzo ndani ya hoteli ambayo bila hiyo hawakupi cheti. Hapo ndipo ninapoogopa pia, kwa sababu hoteli naijua. Kuna wakubwa ambao humwita msichana mgeni akahesabu shuka stoo, mlango ukifungwa. Ukiitwa hivyo nenda na mwenzako, na wakikuita mjeuri waache. Lakini kuna pia akina Mama Nyambura, watakaokutukana mchana kutwa na kukuwekea nyama ya chini ya sufuria jioni. Utawatambua. Una jicho kali kuliko langu.

Na kama ukifika huko ukagundua hoteli si yako, kwamba uliibeba tu kwa ajili yangu, iache. Soma ualimu, soma chochote. Hakuna deni. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii yote, na mengine ni kuzunguka.

Imebaki Muiruri. Siwezi kukwambia useme "diploma" kwa sauti kwenye foleni wakati mimi nyumbani nimelala karibu na mtu anayempenda msomi ambaye hayupo. Nimewaza niongee naye mwaka ujao, nimewaza nisiongee kabisa. Ninampenda vibaya sana, Shiru. Sitaki aniangalie kwa macho mengine. Wiki tatu tu! Hata zawadi za harusi hatujamaliza kufungua. Lakini pia kila akiniita Madam Profesa kwa mahaba (ndiyo, naye ananiita hivyo, na hajawahi kumsikia Mama Nyambura) ninahisi anambusu mtu aliyesimama nyuma yangu. Nataka anibusu mimi. Au aniache mimi.

Kwa hivyo nimeamua hivi. Sitaiweka barua hii kwenye sanduku lako mimi mwenyewe. Akiingia nitampa aisome yote, kuanzia mahali nimeandika anaimba vibaya. Nitamwambia, ukimaliza, na kama bado unataka kumpeleka mtoto kesho, iweke juu ya aproni yake. Kama hutaki, nirudishie mkononi, nami nitamwambia Shiru kwa mdomo wangu na tutaenda chuoni wawili.

Ukiikuta juu ya aproni, basi ni mkono wake ulioiweka hapo, na kesho atasimama na wewe kwenye foleni ya diploma na shati lake la bluu. Ukimwona jioni hii usimuulize kitu. Mpe chai tu.

Pikipiki imekata kona. Imezima. Anaongea na mtoto wa jirani, anamwambia asichezee bomba. Sijui nitasimama vipi kutoka kwenye kiti hiki.

Ninaogopa, Shiru. Ninaenda hivyo hivyo.

Mama yako, aliyefika kidato cha nne